Mpaka na Kupakana



Kwa nini binadamu ameigawa dunia kwa nchi na mipaka? Wanahistoria wamelijibu swali hili kwa njia zao. Mimi nitaanzia katika lugha.

Neno "mpaka" lina kazi mbili katika Kiswahili. Likiwa nomino, hutaja kikomo cha shamba au cha nchi. Likiwa kihusishi, huonyesha upeo wa safari au wa wakati: kutoka Tanga mpaka Mombasa, leo mpaka kesho. Kitenzi "kupakana" nacho kimo katika kauli ya kutendana. Kenya haiwezi kupakana peke yake. Sharti iwepo Tanzania. Kwa mujibu wa sarufi yetu, basi, mpaka ni uhusiano wa pande mbili.

Uhusiano huo una sababu zake. Watu waishio karibu hawana budi kujua nani alime wapi, nani aamue kesi ya nani, na kodi ilipwe kwa nani. Wachaga hupanda isale kwenye mipaka ya vihamba vyao, na jani la isale hilohilo hupelekwa kwa aliyekosewa ili kumwomba msamaha. Mmea utenganishao ndio usuluhishao, kwa kuwa walioupanda ni majirani wanaofahamiana.

Mpaka wa kikoloni una asili nyingine. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari uanzie kwenye mlango wa mto Umba, upite Ziwa Jipe, uuzunguke Mlima Kilimanjaro kwa kaskazini, ukafike Ziwa Viktoria penye latitudo ya digrii 1 kusini. Wadigo na Wamaasai wakajikuta pande zote mbili pasipo kuulizwa. Haja ilikuwa ileile, yaani kujua mamlaka yakome wapi. Waliokosekana ni wale wenye kupakana. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, wakichelea migogoro isiyokwisha. Uamuzi huo siubezi.

Linalonisumbua ni kwamba sisi wanaisimu tumeuingiza mstari huo katika utafiti. Twaorodhesha lugha za Kenya, kisha lugha za Tanzania, na Kidigo chatokea mara mbili, kana kwamba msemaji wa Kwale hubadili sarufi agongewapo muhuri Horohoro.

Nawasihi wanafunzi wangu: atafitiye Kidigo aanze waanzapo wasemaji, akome wakomapo. Mstari wa dola asiupuuze, kwani ndio uamuao lugha ya shule, ya redio na ya mahakama, na hayo yaweza kuathiri usemi. Lakini athari hiyo ithibitishwe kwa data. Isichukuliwe kuwa ipo kwa sababu tu ramani imechorwa.