Mzee Kwanza, Wimbo Baadaye



Katika jubilii hii tumeombwa tuseme neno juu ya zile jioni zetu za likizo ya Agosti, za historia na nyimbo, zisizo na kiingilio. Wengine mmeuliza kwa nini kwaya iache mazoezi na kujifanya mwalimu.

Jambo lilianzia Kengeleni. Kila siku makanga wanaliita jina hilo, na watoto wetu wanapita penye ile kengele wasijue ilikuwa ya nini. Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Iligongwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Jina la kijiji ni la Mwingereza, Sir Bartle Frere, lakini walioishi humo ni Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, pamoja na Waafrika waliokuwa wamesomeshwa Nasik, kule India. Mmoja wa hao wa Nasik, Matthew Wellington, alikuwa katika msafara uliobeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Huenda babu za baadhi yetu walimwamkia njiani.

Na hapa Mkomani kuna kaburi la Rosine Krapf na mtoto wake mchanga. Walifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika na mumewe, Johann Ludwig Krapf. Mama huyo aliomba azikwe upande huu wa bara, ili wapita njia wamwone. Tunapita, ndiyo. Kumwona ni jambo jingine.

Jioni ya pili tulizungumza juu ya Wimbo wa Taifa. Wengi walishangaa kusikia kwamba sauti yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo wa kumbembeleza mtoto, na kwamba miongoni mwa watu watano waliouandaa mwaka 1963 alikuwamo Thomas Kalume, mwana wa Pwani. Tukajaribu kuuimba polepole, kama mama aliye na mtoto mgongoni. Wenzetu wa besi walishindwa, wakaimba kama wako kwenye gwaride.

Sasa tuseme na lililotuuma. Jioni ya kwanza kabisa alikuja bibi mmoja wa mtaa, mjukuu wa watu wa Frere Town. Alitaka kutueleza jinsi nyanya yake alivyokuwa akiimba, na kwa lugha gani. Tulikuwa tumepanga nyimbo tisa. Tukampa kipaza sauti dakika tano, na alipoanza kuimba ubeti wa kwanza kwa sauti ndogo, kinanda kikamkatiza, maana zamu yetu ilikuwa imefika. Alicheka, akaketi. Tulipomfuata nyumbani baada ya Krismasi tulikuta maturubai ya matanga. Wanawe wanakumbuka kwamba kulikuwa na wimbo, maneno hawayajui.

Tangu hapo tumegeuza utaratibu. Mzee anasema kwanza, mpaka amalize, na kwaya inaimba kwa muda unaobaki, hata kama ni wimbo mmoja. Kijana wa sauti ya tatu anarekodi kwa simu, kwa idhini ya mwenyewe, na nakala inapelekwa kwa jamaa zake.

Kuhusu kiingilio, mweka hazina wetu alipendekeza shilingi hamsini za kununulia betri na chai. Mzee mmoja akamjibu kwamba babu yake aliuzwa mara moja, hatauzwa tena mlangoni mwa kanisa. Mjadala ukaisha hapo. Chai tunachanga wenyewe.

Agosti hii tunaanza Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa kumi jioni, chini ya mwembe. Aliye na mzee nyumbani atuambie mapema, awe Mkristo au Mwislamu, kwa maana historia ya Mkomani ni ya wote. Tutamfuata kwa tuktuk na kumrudisha. Viti vyenye mgongo viko sita tu. Vijana, njooni na mikeka.