Tuta na Msimamizi: Kulenga Shabaha katika Ardhi za Umma za Marekani



Mhadhara huu umetokana na hoja niliyoisikia kwenye kongamano la usimamizi wa ardhi, ikitolewa na mtaalamu ninayemheshimu. Alidai kwamba magharibi mwa Marekani hakuna haja ya kujenga viwanja vya shabaha kwa fedha za umma. Idara ya Usimamizi wa Ardhi, BLM, ina takriban ekari milioni 245, na Huduma ya Misitu ina nyingine milioni 193. Basi mwenye bunduki ajichagulie bonde, alenge makopo yake, arudi nyumbani. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikupiga, na leo nitaeleza sababu.

Historia ya ardhi hizo na mvutano kuhusu haki ya kumiliki silaha mnaijua, siirudii. Itoshe kusema kwamba sehemu kubwa ya ardhi hizo iko wazi kwa walengaji mpaka pale inapofungwa rasmi.

Nianze na huo ukubwa. Mlengaji anahitaji barabara inayopitika kwa gari, mahali pasipo mbali na mji, uwanda wa kusimama na kilima nyuma ya shabaha. Ukiondoa maeneo yasiyo na sifa hizo, yanabaki mabonde machache, na kila mtu anayakimbilia hayo hayo. Nimefika kwenye bonde la namna hiyo katika jangwa la Sonora, Arizona. Maganda ya risasi yalitapakaa hadi miguu ikateleza. Palikuwa na friji iliyotobolewa kila upande, vioo vya televisheni, na mdungusi mkubwa aina ya saguaro ambao shina lake lilipitisha mwanga. Familia mbili zilikuwa zikifyatua kutoka pembe mbili tofauti bila kuonana, kwa kuwa korongo liliwatenga. Hawakuwa watu wakorofi. Walikosa tu mtu wa kuwaambia kwamba wenzao wako ng'ambo.

Watetezi wa hoja ile hukimbilia kanuni ya Huduma ya Misitu inayokataza kufyatua risasi ndani ya yadi 150 za nyumba, kambi au mahali penye watu. Yadi 150 ni kama mita 137. Sasa chukueni pakiti ya risasi za .22, ambazo ni miongoni mwa risasi ndogo kabisa, msome onyo lake: hatari ndani ya maili 1.5, yaani kilomita 2.4. Kanuni inapima mita, risasi inakwenda kilomita. Julai 2015, katika Msitu wa Taifa wa Pike, Colorado, mtu aliyepiga kambi na jamaa zake aliuawa na risasi iliyopotea. Kinachosimamisha risasi ni udongo, na udongo huo lazima uwe umepangwa mahali pake kabla mtu hajabonyeza kifyatulio.

Tena kuna moto. Hapa mniwie radhi nikikawia, kwa sababu chapisho ninalolipenda kuliko yote katika fani hii linahusu jambo hili. Mwaka 2013 Mark Finney na wenzake wa Huduma ya Misitu walichapisha utafiti kuhusu uwezo wa risasi za bunduki kuwasha moto. Walifyatua risasi za aina mbalimbali kwenye bamba la feleji lililoinamishwa, ili vipande vya risasi vianguke ndani ya sanduku lenye mboji iliyokaushwa kwenye oveni. Tazameni uzuri wa jaribio hilo! Swali ambalo wakulima, wazimamoto na walengaji walikuwa wakibishania kwa miaka likajibiwa kwa bamba na sanduku. Risasi zenye feleji ndani yake, na zile za shaba tupu, ziliwasha mboji mara kwa mara. Zenye kiini cha madini ya risasi na ganda la shaba ziliwasha mara moja tu. Hata jiwe la graniti lilitosha kuwa kigongeo kwa risasi za shaba. Nguvu ya mwendo hugeuka joto chuma kinapopondeka na kupasuka, na vipande vinaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Hupoa haraka, ila vikidondokea majani makavu karibu na shabaha, havihitaji muda mrefu.

Mwaka mmoja kabla ya chapisho hilo, Juni 2012, walengaji waliwasha moto karibu na Saratoga Springs, Utah. Ekari zaidi ya 5,000 ziliungua na maelfu ya watu wakahamishwa majumbani. Bonde lenye mawe na nyasi kavu ndilo lile lile analopendekeza mwenzangu.

Wapo wanaotaka kufunga kila mahali. Hao nawajibu kwa ufupi: ukifunga bonde moja, magari huhamia la jirani. Wengine wanasema uwanja hulimbikiza madini ya risasi mahali pamoja. Ni kweli, na kwangu hiyo ni sifa. Tuta la udongo nyuma ya shabaha linaweza kuchimbwa, madini yakachekechwa na kuuzwa. Jangwani nani atayaokota?

Fedha zipo. Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 inagawia majimbo ushuru wa asilimia 10 au 11 unaotozwa silaha na risasi, na marekebisho ya 2019 yameruhusu serikali kuu kubeba hadi asilimia 90 ya gharama za viwanja vya umma. Januari 2025 ikatiwa saini sheria inayotaka kila msitu wa taifa na kila wilaya ya BLM iwe na uwanja wa shabaha, pale inapowezekana.

Hata hivyo, nina imani moja ambayo hakuna takwimu iliyonitoa: uwanja usio na msimamizi ni bonde lenye kibao. Pale Ben Avery, kaskazini mwa Phoenix, uwanja unaoendeshwa na idara ya wanyamapori ya Arizona, nilitazama usitishaji wa kufyatua. Sauti ilitoka kwenye spika, bunduki zikafunguliwa chemba na kulazwa mezani, watu wakarudi nyuma ya mstari. Msimamizi alipita meza moja baada ya nyingine, akaangalia kila chemba kwa macho yake, ndipo akaruhusu watu wakabadilishe karatasi za shabaha. Kijana mmoja aligusa bunduki yake kabla ya wakati. Aliitwa, akaelekezwa kwa upole, akarudi nyuma. Bajeti ikibana, niko tayari kupunguza vibanda, maegesho na hata idadi ya viwanja. Mshahara wa mtu huyo sitaugusa.