Jiko la Mkaa Lisilale Ndani

Mazungumzo kwa wanakisomo wa nyanda za juu

 

Kipupwe kimefika. Sisi tunaoishi Njombe, Makete na milima ya Mbeya tunaijua baridi ya mwezi wa Juni, Julai na Agosti. Ukiwaambia ndugu zetu wa Pwani kwamba huku umande huganda, wanadhani unawatania. Lakini ninyi mmeona wenyewe. Unaamka alfajiri, unakuta nyasi nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Hiyo ndiyo sakitu.

Kwa nini huku kuna baridi hivi? Ni kwa sababu tuko juu. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Basi si ajabu watu wa huko wakitembea na makoti mchana.

Leo tutazungumza mambo matatu: moto, nyumba na bustani. Tuanze na moto, maana huo ndio unaoua watu.

MOTO

Tutawaeleza kosa letu wenyewe. Mwaka wa kwanza tulipohamia huku kikazi, tulikuwa na mtoto wa miezi saba. Usiku mmoja wa Julai baridi ilizidi. Mama mtoto akasema, "Mtoto anatetemeka." Tukachukua jiko la mkaa, tukaliweka chumbani. Tukafunga dirisha, na chini ya mlango tukaziba kwa gunia. Tuliona tumefanya vizuri kwa sababu mkaa ulikuwa umekolea na haukutoa moshi hata kidogo. Tukalala.

Alfajiri mama jirani alikuja kuomba moto. Akapiga hodi, kimya. Akapiga tena kwa nguvu. Tulimsikia kama mtu anayeita kutoka mbali sana. Tulipojaribu kusimama, miguu haikuwa na nguvu. Tulitambaa mpaka mlangoni. Mama yule alipoingia na kuona jiko, hakuuliza neno. Alimnyakua mtoto, akatoka naye nje. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Nje kwenye hewa alitapika, kisha akalia. Jamani, hatujapata kusikia kilio kitamu kama kile! Tulikimbizwa hospitali, tukapona. Kama jirani angekuwa na kiberiti nyumbani kwake siku ile, leo tusingekuwa hapa tukizungumza nanyi.

Ni kitu gani kilitupata? Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Huingia katika damu, na damu ikashindwa kubeba hewa safi ambayo mwili unaihitaji. Mtu aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea. Mtu aliyelala hasikii kitu. Hupita kutoka usingizini mpaka kifoni.

Wengine husema, "Mkaa usio na moshi hauna neno." Si kweli. Wengine huweka beseni la maji karibu na jiko, eti linanyonya sumu. Maji hayawezi kuinyonya sumu hii. Wengine huliweka jiko chumba cha pili kwa ajili ya vifaranga, huku wao wamelala chumba hiki. Hewa ile hupita juu ya ukuta na chini ya mlango, ikawafuata kitandani.

Basi tufanye hivi. Tuote moto jikoni, mahali penye dirisha wazi, au nje. Wakati wa kulala, jiko libaki nje. Hata mkaa ukifunikwa na majivu, chini yake bado kuna moto, na sumu ipo.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, kisha mpelekeni hospitali hata kama amezinduka. Usimnyweshe maziwa wala maji mtu aliyezimia. Atapaliwa.

NYUMBA

Sasa mtauliza, "Bila jiko, watoto wetu watalalaje?" Ni swali la haki. Jibu ni kuitengeneza nyumba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu, usipoziba ufa utaagua kikohozi pia.

Chagueni siku moja, baba, mama na watoto. Kandeni udongo pamoja na nyasi kavu zilizokatwakatwa, mzibe nyufa zote za ukuta. Mianzi tunayo. Itandikeni juu ya chumba cha kulala, na juu yake mkeka, ipatikane dari. Joto halitakimbilia kwenye bati. Lakini acheni tundu dogo juu ya ukuta ili hewa ipite. Nyumba isiwe chupa iliyofungwa kizibo.

Baridi ya chini ni mbaya kuliko ya juu. Anayelala chini na alale juu ya gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi. Mvalisheni mtoto nguo mbili au tatu nyepesi, kuliko moja nzito. Tena unaweza kupasha kitanda kwa chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Itoe chupa kabla ya kumlaza mtoto, asije akaungua.

BUSTANI

Wengi wetu tunalima vinyungu wakati huu. Kumbukeni kwamba hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu wala upepo, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo maana viazi vya bondeni huungua majani, na vya jirani mwenye shamba la mteremkoni vimesalimika.

Kwa hiyo kitalu cha miche kiwe mteremkoni, kisiwe bondeni kabisa. Jioni kifunike kwa nyasi juu ya vijiti, na asubuhi jua likitoka kifunue. Mwagilia maji mchana, kwani udongo wenye unyevu hushika joto kuliko udongo mkavu. Mahali panapopigwa sana na sakitu, panda kabichi au karoti. Hizo huvumilia kuliko viazi, maharage na nyanya.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotusaidia. Nunua daftari dogo. Kila sakitu inapoanguka, andika tarehe na mahali. Kwa mfano: "Tarehe 9 Julai. Sakitu. Kinyungu cha chini. Viazi vimeungua." Baada ya miaka michache daftari lako litakuambia ni mahali gani pa kupanda na wakati gani wa kungoja.

Ndugu zetu, mwaka 1973 wazazi wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kisha walishika majembe, wakachimba vyoo. Hawakuishia kwenye kusikiliza. Na sisi tusiishie kwenye kusoma gazeti hili. Usiku wa leo, kabla hujapuliza taa, angalia jiko liko wapi. Kisha mwambie jirani yako asiyejua kusoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkaa usio na moshi unaweza kumwua mtu?
2. Katika nyumba yako, baridi inaingilia wapi? Utapaziba kwa kitu gani?
3. Katika kijijini chetu, sakitu huanguka zaidi mahali gani?
4. Ni nani kijijini ambaye bado analala na jiko ndani? Nani atakwenda kumwambia, na lini?