Kidonge cha Ekstasi na Kumbi za Usiku: Tuwaambie Nini Vijana Wetu?

 



Mada ya leo sikuichagua, nililetewa. Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa mtaa huu alinisubiri mpaka watu wakatoka wote, kisha akaniomba tukae. Ana kijana anayesoma chuo Manchester, Uingereza. Kijana huyo alimpigia simu na kumweleza kuwa mwenzake wa chumbani, naye ni Muislamu, alikwenda katika ukumbi wa dansi usiku wa kuamkia Jumamosi, akameza kidonge, akarudi mwili ukimuwaka moto na maneno yake hayashikani. Wenzake watatu wakakaa naye saa nzima wakibishana: tuite gari la wagonjwa au tusiite? Mmoja akahofia polisi. Mwingine akasema habari hii ikifika kwao, baba yake hatamtaka tena. Mwishowe waliita, na kijana akapona, alhamdulillah. Mzazi wetu aliposikia hayo akauliza jambo moja tu, "Na wewe ulikuwa unatafuta nini kwa watu kama hao?", akakata simu. Sasa siku ya nne hajazungumza na mwanawe, naye ananiuliza: "Ustadh, kidonge chenyewe ni kitu gani? Na mwanangu nimwambie nini?"

Nikamjibu kuwa ni haramu. Nikaona usoni mwake kwamba hilo alikuwa akilijua kabla hajanijia. Alichokuwa akikiuliza ni kingine, nami sikuwa nacho. Basi nimesoma kiasi nilichoweza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kidonge hiki huitwa ekstasi, na kemikali iliyomo, kikiwa ni chenyewe kweli, hufupishwa kwa herufi MDMA. Si jani wala mzizi. Ni kitu cha maabara. Kampuni ya dawa ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani, iliomba hati ya kumiliki uvumbuzi wake mwezi Desemba 1912, ilipokuwa ikitafuta dawa ya kuzuia damu kutoka. Kikalala katika makabati ya wakemia kwa miongo mingi. Mwaka 1976 mkemia wa California, Alexander Shulgin, alikitengeneza upya na kukijaribu katika mwili wake mwenyewe, na baada ya hapo baadhi ya matabibu wa nafsi Marekani wakaanza kuwapa wagonjwa wao. Kutoka kwa matabibu kikavuja hadi kwenye mabaa, na jina la ekstasi ni la wauzaji, walilitunga ili kipate wanunuzi. Serikali ya Marekani ikakipiga marufuku tarehe 1 Julai 1985. Uingereza ilikuwa imekwisha kukiweka katika daraja la juu kabisa la dawa zilizokatazwa tangu 1977, kabla wananchi wake wengi hawajakisikia.

Kilichokifanya kiwe cha umati ni muziki. Kiangazi cha mwaka 1987 wapiga muziki kadhaa wa London walikwenda mapumzikoni katika kisiwa cha Ibiza, Hispania, wakakuta watu wanacheza mpaka jua linachomoza, kidonge kikiwa mdomoni. Wakaurudisha mtindo ule nyumbani. Ilipofika kiangazi cha 1988 vijana kwa maelfu walikuwa wakikusanyika katika kumbi, maghala matupu na mashamba ya pembezoni mwa London, na huko Manchester ukumbi wa Haçienda ukawa kama makao makuu. Mwezi Julai 1989 msichana wa miaka 16 alimeza kidonge katika ukumbi huo na akafa. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuvunja mikusanyiko ya namna hiyo, na ndani ya sheria wakajikuta wanalazimika kueleza muziki unaokusudiwa kuwa ni ule wenye mapigo yanayojirudiarudia. (Mtu anaweza kutabasamu akiwafikiria wanasheria wale wakihesabu mapigo ya ngoma, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Haçienda ilifungwa 1997. Vidonge havikufungwa. Katika Uingereza na Wales vifo ambavyo kemikali hii ilitajwa vilikuwa 8 mwaka 2010, na mwaka 2018 vilikuwa 92.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwani hapa ndipo nilipoona kuwa tumekosea katika mawaidha yetu, na nikisema tumekosea, mimi ni wa kwanza.

Sisi wa pwani dawa za kulevya tunazijua kwa sura ya unga. Tunamjua teja: amekonda, anasinzia amesimama, ameuza mpaka sufuria za mama yake. Tukionya, tunaonya kwa sura hiyo. Mlaji wa ekstasi hafanani na huyo. Humeza Ijumaa usiku, na Jumatatu yuko darasani au kazini, nguo zimepigwa pasi. Hasinzii, hucheza saa sita au nane bila kuhisi uchovu. Na wanaokitumia husimulia kwamba saa zile husikia mahaba makubwa kwa kila aliye karibu. Asiyemjua humkumbatia, humweleza siri za moyo wake, na humsamehe aliyemkosea. Wengi hutaja hilo kabla hata ya kuutaja muziki.

Wanaosoma ubongo wanatufahamisha sababu. Allah ameweka katika ubongo kemikali iitwayo serotonini, ambayo pamoja na mengine inahusika na utulivu wa nafsi, usingizi na hisia ya ukaribu. Hutolewa kidogokidogo. Kidonge huja kikaimwaga kwa wingi kwa mara moja, na akiba iliyotumika usiku mmoja huchukua siku kadhaa kurudi. Ndiyo maana wengi wa watumiaji hulalamika kuwa katikati ya juma huingiwa na huzuni isiyo na sababu, hasira za haraka na usingizi wa mang'amung'amu. Furaha ile aliichukua kwenye fungu la siku zake zijazo, na inalipwa kwa ziada, kama mkopo wa riba. Akirudia kila juma, furaha hupungua na huzuni hubaki. Huongeza vidonge, na havimpi alichokuwa akipewa na kimoja.

Kwa wanafunzi wa fiqhi kuna faida hapa, nami sitaki kuipita. Imam al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285 Miladia), alivigawa vinavyoigusa akili mafungu matatu: kinacholaza na kuondoa hisia, kinachoiharibu akili bila kuleta furaha, na kile kinacholevya hasa, ambacho alama yake ni nashwa, yaani furaha inayopanda pamoja na nguvu na ushujaa. Bangi ya zama zake aliiweka katika fungu la pili, na wengine wakampinga. Ama kidonge hiki, hata Waarabu wa leo hukiita dawa ya nashwa. Kwa kipimo cha al-Qarafi hakina ubishi: ni ulevi kamili, ingawa hakina harufu wala hakimyumbishi mtu njiani. Kijana anayesema "hiki si pombe, ni furaha tu" ametoa hoja dhidi yake mwenyewe.

Narudi kwenye kosa letu. Kijana ameambiwa na wenzake kuwa kidonge huleta raha na upendo. Sisi tumemwambia huleta wazimu na mauti kwa kimoja tu. Siku akikimeza, mara nyingi hafi, na raha ile anaiona. Hapo hupima nani alimwambia kweli. Akitukuta waongo katika dunia tunayoiona kwa macho, atatuamini vipi katika ghaibu?

Wakubwa kuliko sisi wameanguka kwa jambo hili. Mwezi Septemba 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha katika jarida la Science kwamba dozi za usiku mmoja tu zinaweza kuharibu ubongo wa nyani kwa namna inayofanana na maradhi ya kutetemeka. Habari ikaenea dunia nzima. Mwaka mmoja baadaye waliifuta wenyewe, kwani chupa zilikuwa zimebandikwa vibandiko kimakosa, na wanyama karibu wote walikuwa wamepewa dawa nyingine kabisa.

Tena mwezi Novemba 1995, katika jimbo la Essex, msichana alimeza kidonge nyumbani kwao siku ya kusherehekea kutimiza miaka 18. Mabango yaliyowekwa nchi nzima yalisema kidonge kimoja kimemuua. Uchunguzi wa kifo chake ulieleza zaidi ya hivyo. Alikuwa amesikia kwamba mwenye kumeza kidonge anywe maji, basi akanywa takriban lita 7 kwa muda usiofika saa mbili. Dawa hii huuzuia mwili kutoa mkojo, maji hubaki ndani, chumvi ya damu ikashuka, ubongo ukavimba. Kidonge peke yake huenda asingekufa, na maji peke yake asingekufa. Jambo nusu alilolisikia ndilo lililomaliza uhai wake. Hivyo aliyesema "kidonge kinaua" hakusema uongo, lakini hakumwachia msichana mwingine chochote cha kumsaidia.

Hatari ya kweli ni kubwa, wala haihitaji kuongezwa chumvi. Dawa hupandisha joto la mwili, na ukumbi wenyewe una joto, watu wamebanana, naye anacheza bila kuhisi kiu wala uchovu. Joto likivuka mpaka, misuli huanza kuyeyuka, figo na ini hushindwa. Kulikuwa na kumbi zilizofunga mabomba ya maji chooni ili ziuze ya chupa, mpaka mwaka 2010 sheria ya Uingereza na Wales ikawalazimisha wenye leseni za vinywaji kutoa maji ya bomba bure. Isitoshe, mnunuzi hajui alichonunua. Vidonge vya miaka ya 1990 kwa kawaida vilikuwa na miligramu 50 hadi 80. Katika miaka ya 2010 vikaanza kukamatwa vya miligramu 150 na zaidi, kwa umbo na rangi za kuvutia kama peremende. Vingine havikuwa MDMA, bali PMA, ambayo huchelewa kufanya kazi. Kijana husubiri, haoni kitu, humeza cha pili, na vyote viwili humpanda pamoja. Wengi wamekufa kwa njia hiyo.

Mtu mkweli ataongeza kuwa madaktari wanaichunguza kemikali hii kama tiba. Australia tangu Julai 2023 imewaruhusu baadhi ya mabingwa wa magonjwa ya akili kuwapa wagonjwa wenye majeraha ya nafsi, chini ya uangalizi, na Marekani Agosti 2024 ilikataa kuidhinisha kwa kuona ushahidi hautoshi. Mtoto wako akikutajia hayo, usikanushe. Mwambie kwamba mgonjwa mbele ya daktari ana hukumu yake, na mchezaji wa usiku ana hukumu yake.

Ama alama za hatari, naomba wenye watoto ughaibuni wazishike: mwili wa moto kupita kiasi, kuchanganyikiwa, taya kukaza, kichwa kuuma sana na kutapika, kutetemeka kwa kifafa, kuzimia. Ukiona mojawapo, gari la wagonjwa liitwe papo hapo, na madaktari waambiwe wazi alichomeza. Apelekwe penye baridi na asiachwe peke yake. Kazi ya wale watu wa gari ni kuokoa uhai. Wanavyuoni wetu walipoyataja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, waliihesabu nafsi na akili pamoja, na wengi wakaitanguliza nafsi. Kwa hiyo kijana anayekufa aokolewe kwanza, na mawaidha yangoje mpaka apone. Anayechelewesha msaada kwa kuogopa aibu ya familia, aibu hiyo sisi ndio tulioijenga, humu humu misikitini.

Nilipomweleza mzazi yule haya, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe mwanangu ni miongoni mwa waliokaa na mwenzao." Nikamwambia ndiyo, na ni miongoni mwa walioita. Tena akaja kwako, hakwenda kwa mwingine. Akatoa simu mfukoni, akaniuliza Manchester sasa ni saa ngapi.

Kijana hakupokea mara ya kwanza. Mara ya pili alipokea, nami nikatoka nje kuwaacha wazungumze.