Kijungu cha Kiberiti na Matumizi Yake



Kijungu cha kiberiti ni chombo kidogo cha udongo chenye kazi mbili: kuhifadhi njiti na kuziwasha. Mfinyanzi hukifinyanga kwa mkono, akakichora ubavuni mistari iliyokaribiana, kisha akakichoma. Pengine hukipaka rangi ing'aayo kama kioo, lakini mahali pa mistari huachwa bila rangi ili pakwaruze kama msasa.

Asili ya kijungu hiki ni Ulaya. Mwaka 1827 John Walker, muuza dawa wa mji wa Stockton-on-Tees, Uingereza, alianza kuuza njiti za kuwashwa kwa kukwaruzwa. Baada yake zikaja njiti za fosforasi nyeupe, ambazo ziliwaka zikikwaruzwa mahali popote pagumu. Hapo ndipo kijungu kilipopata sifa, majumbani na vilabuni. Lakini fosforasi ile ilikuwa sumu, nayo iliozesha mifupa ya taya ya wafanyakazi wa viwandani. Kwa ajili hiyo mataifa kadhaa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba wa kuipiga marufuku mwaka 1906, katika mji wa Bern, Uswisi.

Njiti zinazotumika majumbani leo nyingi ni za namna nyingine, iliyostawishwa Uswidi katika karne ya 19. Kichwa chake hakina fosforasi. Fosforasi nyekundu, isiyo na sumu ile, imo katika ubavu wa kisanduku. Basi mtu akizimimina kijunguni na kukitupa kisanduku, atakwaruza udongo mpaka njiti ivunjike, asipate moto. Afadhali aukate ubavu ule wa kisanduku, aubandike kwa gundi juu ya kijungu.

Tena kuna hatari. Udongo hauungui, lakini njiti zilizomo huungua. Cheche moja ikiangukia vichwa vyake, zote huwaka kwa pamoja na kumchoma aliyekishika chombo. Kwa hiyo kijungu na kiwe na kifuniko, nacho kifunikwe kabla ya njiti kukwaruzwa. Kiwekwe pakavu, mbali na jiko, na juu pasipofikiwa na watoto.

Mfinyanzi anayeuza chombo hiki ampe mnunuzi maelezo hayo pamoja na chombo chenyewe. Uzuri wa kijungu huonekana sokoni; usalama wake hutegemea anayekitumia nyumbani.