Ufuaji Mwema wa Nguo Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Huenda baadhi ya wazee wakauliza: kufua nguo kwahusianaje na kazi za chama cha kusaidiana? Jibu langu ni kwamba mfuko wa chama hujazwa na mifuko yetu ya nyumbani. Kanzu ya baba, kanga ya mama na sare ya mtoto ni mali. Nguo iliyoharibiwa kwa kufuliwa vibaya hununuliwa tena kwa fedha ambazo zingeweza kulipa karo au kumfariji mfiwa.

Neno langu kubwa ni hili: lijue doa kabla ya kulitia dawa. Wengi wetu tukiona doa twakimbilia maji ya moto. Hilo ni kosa ikiwa doa ni la damu, maziwa au yai, kwa maana moto huyagandisha hayo ndani ya nyuzi, kama yai ligandavyo chunguni. Doa la namna hiyo lirowekwe katika maji baridi, ndipo lifuliwe kwa sabuni. Mafuta ya chakula yataka njia nyingine. Nyunyiza unga uyanyonye, ukung'ute, upake sabuni, kisha ufue kwa maji ya moto kadiri nguo iwezavyo kustahimili. Doa la chai lisuuzwe upesi kwa maji matupu. Sabuni ya kipande isitangulie, kwani huweza kulikaza. Kutu katika kitambaa cheupe cha pamba hupakwa ndimu na chumvi, kikaanikwa juani, kisha kikasuuzwa sana. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza katika pindo la ndani.

Maji nayo yana tabia zake. Visima vingi vya Pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Sabuni haitoi povu jema, na nguo nyeupe hufifia. Mwenye pipa la maji ya mvua ayatumie kwa nguo nyeupe. Kanga mpya ifuliwe peke yake, igeuzwe ndani nje, ianikwe kivulini. Nguo nyeupe zianikwe juani, kwa kuwa jua huzing'arisha bila gharama.

Wazee wangu, sasa naomba masikio yenu zaidi, maana hapa pana uhai wa watu. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo. Hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu. Wala isimiminwe juu ya nepi zenye mkojo. Zisuuzwe kwanza kwa maji mengi. Aidha, dawa hiyo na mafuta ya taa visiwekwe katika chupa za soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu huijua chupa, haijui sumu. Petroli isitumiwe kuondolea madoa ndani ya nyumba. Mvuke wake huufuata moto wa jiko hata ulio mbali kidogo.

Pasi pia si pambo tu. Yuko nzi atagaye mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa nje, na mabuu yake hupenya ngozi na kufanya majipu. Kwa hiyo nguo za ndani na za watoto wachanga zipigwe pasi pande zote, hata katika mishono. Na pasi ya makaa isitumiwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua bila harufu ya kuonya.

Mwisho, kazi hii si ya akina mama peke yao. Kijana aondokaye nyumbani kwenda kutafuta kazi mjini yafaa ajue kufua shati lake kama ajuavyo kula. Wazee wakilisema jambo hili majumbani mwao, litasikiwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na doa lisiloshughulikiwa leo ni nguo mpya ya kununuliwa kesho.