Nafuu kwa Nani?

Mtaa wa Buxton, Mombasa, ulikuwa wa wapangaji wa serikali ya mji tangu zama za mkoloni. Ukabomolewa, yakapanda maghorofa ya Buxton Point, mradi wa nyumba za bei nafuu. Nyumba zenyewe zinauzwa. Mpangaji asiye na arbuni nafuu hiyo huitazama kutoka barabarani.

Pwani ina tatizo lake la zamani pia: nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, choo na bafu uani, mara nyingi kuta ni zake lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Kiwanja kikiuzwa, vyumba vyote sita vinahama. Wengi huishia Kisauni, au Likoni ng'ambo ya feri, na nauli inakuwa kodi ya pili.

Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ipo, na baraza lake lipo. Ila inamlinda tu mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba cha bei hiyo kisiwani kitafutwe kwa kurunzi! Kuipandisha tarakimu hiyo hakuhitaji saruji wala mkandarasi, kunahitaji kura za wabunge.